Kifaru Wake, Kifaru Chake

Fundi Rangi alikaa miaka arobaini akiwadanganya watu kwa ruhusa yao wenyewe. Msinielewe vibaya, hakuwa tapeli. Watu ndio waliomletea magari yaliyobondeka, ubavu umeingia ndani kama shavu la kibogoyo, wakamwambia, "Fundi, nataka isionekane." Naye alinyoosha bati kwa nyundo, akaziba mashimo kwa pati, ile dawa nzito ya kuzibia bodi, akapiga msasa, akapuliza rangi, na gari likatoka gereji limesahau kabisa kwamba liliwahi kukutana na ukuta. Kutu ilikuwa adui yake. Akiiona hata kwenye geti la jirani, mkono ulimwasha.

Sasa mtu huyohuyo, mtazameni. Mchana kweupe amekaa kwenye meza ya chakula, miwani imeshuka kwenye ncha ya pua, kipande cha sponji kidoleni, anatengeneza kutu. Anaichovya sponji kwenye rangi ya kahawia, anaipangusa kwenye gazeti mpaka ibaki kama haina kitu, halafu anaigusisha kwenye kingo za kifaru cha plastiki kisichozidi shubiri moja. Anagusa, anarudi nyuma, anatikisa kichwa, anagusa tena. Kazi ya maisha yake yote anaifanya kinyumenyume.

Kifaru kile alikileta mwanawe, likizo ya mwisho, kikiwa vipande ndani ya boksi. Yeye na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, na mtaani alijulikana kwa jina la Pati, kwa sababu utotoni alikuwa akirudi kutoka gereji ya baba yake kichwa cheupe kwa vumbi la pati, utadhani kazeeka tangu asubuhi. Jina likamfuata mpaka jeshini. "Jenga hiki, baba," alimwambia, "uone ofisi yangu ilivyo." Fundi akaliweka boksi juu ya kabati. Alikuwa na magari ya watu, wakati wa kuchezea plastiki aupate wapi?

Na hapa lazima niwaeleze habari ya Mama Pati, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Siku kijana alipomaliza mafunzo alipiga simu akashangilia, "Mama, nimepewa kifaru!" Sasa neno hili letu lina matatizo. Linabeba mnyama na chuma, na halitoi taarifa limebeba kipi. Mama Pati akasikia mnyama. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Jeshi limempa mwanangu kifaru amlinde! Kazi ya porini, kazi salama, hakuna kupigana na mtu! Miezi miwili mizima alilitangaza hilo kwa kila aliyemkopesha sikio, na kila simu akamaliza kwa nasaha: "Usisimame mbele yake, mwanangu. Kifaru haoni vizuri." Pati alikuwa anakufa kwa kicheko huko aliko na hakumsahihisha. Alipokuja likizo na picha, amekaa juu ya lile dude la chuma, mama yake aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe huyu ndiye kifaru wako? Mbona mbaya hivi?" Wakacheka wote mpaka Fundi akashika mbavu. Tangu siku ile Mama Pati alijua ni chuma, lakini ulimi wake uligoma kabisa kuhama. Kwake ilibaki kifaru wake, kifaru ameshiba, kifaru amelala wapi. Alimpenda yule mnyama kwa sababu alikuwa na mwanawe tumboni.

Halafu siku moja asubuhi walikuja wanajeshi watatu mlangoni, viatu vinang'aa. Mkubwa wao akasoma kwenye karatasi. Kifaru chake kilipigwa. Kikaungua. Alikufa papo hapo. Hakuumia.

Mama Pati alilidaka neno hilo la mwisho akaling'ang'ania. Jeneza lilikuja limefungwa kwa skrubu, na amri kwamba lisifunguliwe. Akasema sawa, hakuumia. Lilikuja sanduku la bati lenye vitu vyake, sare mbili na buti zenye tope lililokauka; akazipokea, akasema hakuumia. Waliokuja kumpa pole aliwaambia yeye, badala ya wao kumwambia. Usiku alilala kwa neno hilo, na asubuhi aliweza kuteremsha miguu kitandani kwa neno hilo. Angenyang'anywa, sijui angesimama kwa kitu gani.

Fundi hakuwa na neno la kushikilia. Alifunga gereji. Kilichokuwa kinamla si kifo peke yake, ni kutokuona. Mtu aliyezoea kusoma bodi ya gari akajua limegongwa wapi, kwa mwendo gani, na dereva alikunja kuelekea upande gani, leo ameletewa mwanawe ndani ya mbao zilizofungwa, akaambiwa amini. Miezi minane walikaa ndani ya nyumba ile yeye na mkewe wakipishana kama wapangaji. Mwezi wa tisa akapanda kiti, akashusha boksi.

Alivikata vipande kwa kikata kucha. Alipiga msasa kila mshono. Magurudumu yalikuwa madogo kuliko vifungo vya shati, na minyororo ilikuja kipande kimoja kimoja, tisini kila upande, akaviunga vyote huku akitukana kwa sauti ya chini. Kichwa cha kifaru, kile cha juu kinachobeba mzinga, alikiacha huru kizunguke. Kifuniko cha dereva, pale mbele kushoto, boksi lilitaka kibandikwe tu. Fundi akakataa. Alikitengenezea bawaba ya waya mwembamba kama unywele, kikawa kinafunguka na kufunga, kwa sababu hapo ndipo mwanawe alipokuwa anaingilia kazini.

Mama Pati mwanzoni alipita mbali na ile meza. Siku ya nne akasimama. "Amefika wapi huyo kifaru wako leo? Ameshaota miguu?"

"Bado mmoja."

"Mfanyie haraka. Kukaa bila miguu si vizuri."

Ndiyo hivyo tu, lakini yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwezi uliopita. Kesho yake akavuta kiti. Kesho kutwa akamletea chai pale mezani badala ya kuiacha jikoni ipoe. Fundi alipomaliza kupuliza kijani na kuanza kukichakaza, akapaka rangi nyeusi iliyoyeyushwa kwa thina ikakimbia yenyewe kwenye mifereji, akasugua minyororo kwa ncha ya penseli mpaka ikang'aa kama chuma kilichotembea, Mama Pati akaguna. "Miaka arobaini yote hiyo unasugua kutu itoke, kumbe ulikuwa unajifunza kuiweka." Fundi alipomwambia kwamba sasa anahitaji vumbi, vumbi la kweli, Mama Pati akaenda chumbani, akarudi na buti moja na kijiko. Akakwangua tope mwenyewe, akalichekecha kwenye kitambaa, akampa.

Kulikuwa na mambo picha haikuyaonyesha. Fundi alitaka kujua rangi ilibabuka wapi, masizi yalianzia wapi, maana yeye akifanya kazi haifanyi nusu. Akampigia simu mpiga mzinga, kijana aliyekuwa ndani ya kifaru kilekile na akatoka. Walimwita Mrefu, na kweli alikuwa mrefu. Sijui jeshi lilifikiria nini kumtia mtu wa urefu ule ndani ya kopo. Alikuja Jumamosi saa tisa alasiri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na ngozi mpya, laini, inang'aa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Mama Pati alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, akaenda kuchemsha chai. Mrefu akaketi mbele ya meza, akakiona kile kifaru, akaanza kutabasamu na machozi yakimtoka kwa pamoja.

"Ndicho chenyewe, mzee. Haki ya Mungu, ndicho. Ila hapa," akagusa bango la tope la kushoto, lile bati la kukinga matope juu ya mnyororo, "palikuwa pamebonyea. Pati aligonga geti la kambi. Akasema, mzee wangu angekuwepo angelinyoosha hili na wakubwa wasingejua." Akacheka. "Na kila asubuhi kabla ya kuwasha tulikuwa tunaimba, usisimame mbele yake, kifaru haoni vizuri. Ilikuwa ya mama, siyo?"

Fundi naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, akachukua koleo ndogo akalibonyeza lile bango palepale. Alikuwa na furaha, jamani. Kwa nini nifiche? Alikuwa anamwona mwanawe. Akauliza hiki, akauliza kile, na Mrefu akajibu kwa kidole, hapa palichubuka kwa buti zetu, hapa tulifunga ndoo ya maji.

"Na siku ile," Fundi akasema, penseli mkononi, "mlikuwa mnatazama wapi?"

Ni swali la fundi tu. Alitaka kujua masizi ayaelekeze upande gani. Na Mrefu akajibu kwa mkono kabla kichwa hakijawahi. Kwa kidole kimoja alikizungusha kichwa cha kifaru kushoto, kidogo tu. "Hivi," akasema. Mdomo wa mzinga ukashuka kwa uzito wake, ukalala juu ya kifuniko cha dereva.

Wote wawili wakauona.

Fundi aliweka penseli chini. Akatia ukucha chini ya kifuniko alichokiundia bawaba mwenyewe, akakiinua. Kikainuka kidogo, kikagonga mzinga, kikakwama. Akajaribu tena. Miaka arobaini amefungua milango ya magari yaliyokunjwa. Alijua mlango uliokwama unavyojibu.

"Niambie," akasema.

"Mzee..."

"Niambie, mwanangu, kabla mama hajaja."

Mrefu alizungumza akiutazama mkono wake. Walikuwa wamenasa kwenye tope, kifaru kimekalia tumbo. Wakapigwa kwa nyuma. Umeme ukakatika, kichwa kikagoma kuzunguka, moto ukaanzia kwenye injini. Yeye na kamanda walitokea juu.

"Hakuna namna nyingine ya kukizungusha?"

"Kuna gurudumu la mkono."

"Liko wapi?"

"Ndani. Pale nilipokuwa nimekaa mimi. Nilikuwa nimeshatoka."

Jikoni vikombe viligongana. Fundi akauliza swali ambalo hakuna angeanza nalo ila mtu aliyeishi na mabati.

"Aligonga?"

"Aligonga, mzee. Kwa spana, nadhani."

"Muda gani?"

Mrefu akakitazama kile kifuniko. "Mpaka alipoacha," akasema.

Mama Pati akaingia na sinia. "Mbona mmenyamaza kama mmeibiwa? Kunyweni chai." Akamwekea Mrefu sukari mwenyewe, akakaa karibu naye, akamshika ule mkono wa ngozi mpya. "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Wametuambia hakuumia. Ni kweli, sivyo?"

Mrefu alimtazama Fundi. Na Fundi ndiye aliyejibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia wanunuzi kwamba gari hili halijawahi kuguswa. "Ameshaniambia. Hakuumia." Huku akisema, kidole chake kilikuwa kinarudisha kichwa cha kifaru mbele.

Getini Mrefu aliomba msamaha. Fundi alimchukia kwa moyo wote, akatamani amshike koo, halafu akauona ule mkono na akamwonea huruma, na ile huruma ikamkasirisha kuliko chuki. "Msamaha sina leo," akamwambia. "Nikiupata nitakupigia simu."

Siku mbili hakugusa kazi. Alilala amegeukia ukuta. Ngo, ngo, ngo, alikuwa anaisikia kwenye bomba, kwenye mlango wa jirani, kwenye kisu cha Mama Pati kikikata vitunguu. Alijiuliza, yeye, fundi mzima, mtaalamu wa kutoa watu kwenye mabati, alikuwa wapi saa ile? Alikuwa gereji anapaka rangi bampa. Alifanya hesabu ya tarehe na ndivyo ilivyokuwa. Pengine alikuwa anapiga mluzi.

Siku ya tatu, Mama Pati alipokwenda sokoni, aliinuka akafanya kile alichokijua. Aliuelekeza mzinga mbele sawasawa. Akatia gundi kali chini ya kichwa kuzunguka pande zote, akakishikilia mpaka ikashika. Mstari ulipokauka akauziba kwa pati nyembamba kama karatasi, akapiga msasa wa maji, akarudishia kijani, kutu, na juu kabisa vumbi la buti. Masizi aliyaweka nyuma kwenye injini tu, mbali na dereva. Kifuniko kilifunguka vizuri kabisa. Hakuna mtu ambaye angekizungusha tena kichwa kile akaona alichokiona yeye. Akakiweka kwenye kabati la sebuleni, na kwa macho yoyote ya binadamu haikuonekana.

Lakini Mama Pati hakuwa mtu wa macho. Niliwaambia bila yeye hamtaelewa, na hili ndilo nililolibakiza. Miaka yote ile, kila Fundi alipomaliza gari, alimsubiri mkewe aje na chakula cha mchana, amfumbe macho, ampitishe kiganja kwenye bodi. Mama Pati angetembea polepole, mkono unateleza, halafu angesimama. "Hapa." Na kweli, hapo ndipo ajali ilipokuwa. Fundi angekwangua upya. Hakuwahi kumshinda hata mara moja, na ndiyo maana alikuwa fundi bora mjini.

Aliporudi na kapu lake alikiona kabatini, akatua kapu. "Amekwisha?"

"Amekwisha."

Mama Pati akakichukua, akakaa nacho kwenye kochi, akakipakata. Akatabasamu. "Haya, fundi. Ngoja nikupime." Na akafumba macho, kama zamani, kwa mara ya kwanza tangu wale watu watatu walipokuja. Fundi alitaka kumpokonya. Angempokonyaje?

Kidole kilipita kwenye minyororo. Kikapita kwenye bango la tope. "Hapa alipogonga geti, mtoto mtundu." Kikapanda juu, kikazunguka chini ya kichwa, kikapita, kikarudi, kikasimama.

"Hapa."

"Hapo pana nini?"

"Hapa umeziba." Akafumbua macho. Akajaribu kukizungusha kichwa kwa vidole viwili. "Huyu alikuwa anageuka. Nimekuona ukimgeuza mwezi mzima."

"Gundi ilimwagika."

"Baba Pati." Hakupandisha sauti. "Wewe hujawahi kumwaga gundi."

Alikitazama. Alikuwa mke wa fundi. Alishawahi kuona milango iliyokunjwa mpaka ikakataa kufunguka, na alishawahi kuona vilivyobaki kwenye viti. Alifungua kifuniko cha dereva, akakifunga. Akapima kwa kidole kutoka mdomo wa mzinga hadi kifunikoni, polepole, mara moja tu.

"Ulikuwa umelala huku," akasema.

Fundi aliweza kumdanganya mnunuzi, bosi, polisi wa barabarani. Kile kiganja hakukiweza. Alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Aligonga?"

"Aligonga, mama."

Mama Pati aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akakiweka kile kifaru sakafuni, mbele ya mumewe, akakisukuma kwa mguu.

"Kitoe," akasema. "Kitoe nje. Hiki kitu kilimfungia mwanangu. Sitaki kilale humu."

Fundi akakiokota, akatoka nacho uani. Alisimama karibu na mtungi wa maji, akakishika kile kichwa akajaribu kukizungusha, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zake zote. Gundi ilikuwa imeshika. Ilikuwa kazi nzuri.

Ndipo akasikia kutoka chumbani. Mama Pati alikuwa amekaa kwenye lile sanduku la bati lenye sare na buti, anagonga kifuniko chake kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo. Ananyamaza, anasikiliza, anagonga tena. Fundi alibaki amesimama na kifaru mkononi, akisubiri aache. Hakuacha.